Polishi na Waksi kwa Gari Jipya: Meguiar's M205 na Collinite 845 Juu ya Boneti Nyeusi

Haya jamani, habari zenu, karibuni tena. Leo sianzi na chupa, naanza na giza. Nazima taa kwanza... hapo. Sasa nawasha tochi, naielekeza kwenye boneti. Sogeza simu karibu na uso uangalie vizuri. Unauona huo utando wa buibui unaozunguka mwanga? Hiyo ni mikwaruzo. Na hili gari lina wiki sita tu tangu nikabidhiwe funguo. Wahenga walisema kipya kinyemi ingawa kidonda. Kidonda changu ndicho hiki, cheusi tii.

Halafu ngoja niwaambie kitu kuhusu huo utando. Mikwaruzo haikuchorwa kwa duara. Imetapakaa huku na huku bila mpango, ila tochi inakuonyesha ile tu iliyokaa kukatiza mwanga, ndiyo maana unaona duara. Ukihamisha tochi, duara linahama nayo. Kwa hiyo mtu akikwambia ni mashine ya polishi tu inayoacha alama za duara, mwambie hata kitambaa chenye vumbi kinatosha. Na langu ni kitambaa. Waliolisafisha kabla ya kunikabidhi walilipangusa kavukavu, nikiwa nimesimama pale pale nachekelea funguo mkononi.

Sasa, tulichonacho mezani leo ni vitu viwili. Polishi ni Meguiar's M205, na waksi ni Collinite 845. Vyote nimenunua mwenyewe, hakuna aliyenitumia. Swali ninalotaka kujibu ni moja: ule mng'ao wa ndani, ule unaokufanya uone mawingu kwenye mlango, unatoka kwenye chupa ipi?

Lakini kabla ya hapo tuondoe hofu moja, maana najua kuna mtu tayari anaandika, "gari jipya huruhusiwi kulipaka waksi mpaka miezi ipite." Hilo lina ukweli wake, ila si kwa gari lililotoka kiwandani. Rangi ya kiwandani huokwa kwenye tanuri, joto la nyuzi 140 hivi za Selsiasi, inatoka imeshakauka kabisa. Anayepaswa kusubiri ni aliyegonga, akapelekwa gereji, akapigwa rangi upya. Ile rangi bado inatoa viyeyushi vyake taratibu, na ukiifunika na nta mapema unaifungia pumzi. Huyo amuulize fundi aliyepaka, na mara nyingi ataambiwa asubiri kati ya siku 30 na 90.

Kuna hofu nyingine ambayo hiyo sasa mnatakiwa kuwa nayo, na watu hawana. Rangi ya gari ni nyembamba kuliko unavyodhani. Kuanzia bati mpaka juu, tabaka zote pamoja, mara nyingi ni kati ya mikroni 100 na 150, na mikroni moja ni sehemu ya elfu ya milimita. Ndani ya hizo, ile klia ya juu kabisa, isiyo na rangi, inayobeba mng'ao wote na kukinga rangi dhidi ya jua, ni kama mikroni 40 au 50. Unywele wa kichwa chako ni mnene kuliko hiyo. Na polishi, jamani, haiongezi kitu. Polishi inakwangua. Inakwangua kidogo sana, lakini kilichotoka hakirudi. Ndiyo maana kwenye gari jipya nachukua polishi laini kuliko zote nilizonazo, na sponji laini, na kama hivyo vikitosha naishia hapo hapo. Sitafuti ukamilifu, hili gari nataka liwe na klia miaka kumi ijayo.

Hatua ya kuosha naipita haraka. Ndoo mbili, moja ya sabuni na moja ya kusuuzia, glavu ya kuoshea, kuanzia juu kushuka. Basi. Kinachofuata ndicho watu wanakiruka. Chukua mfuko mwembamba wa plastiki, ingiza mkono ndani, halafu pitisha vidole juu ya boneti iliyooshwa. Sikiliza.

Umesikia hiyo khrr khrr? Kwa mkono mtupu hutaihisi vizuri. Hayo ni mabaki yaliyonasa: utomvu wa miti, lami, na hasa vumbi la chuma. Gari jipya husafirishwa kwenye mabehewa, huegeshwa kwenye viwanja karibu na reli, na punje za chuma kutoka kwenye breki na reli hutua juu yake zikashika kutu. Hii dawa ninayopulizia haina rangi, ila ikikutana na chuma... angalia, inageuka zambarau. Inachuruzika kama juisi ya zabibu. Harufu yake ni mayai viza, fungua milango. Na usiiache ikaukie juu ya bodi.

Baada ya hapo, udongo wa kusafishia rangi. Huu unafanana na ule wa watoto wa kufinyangia. Nakata kipande, nakikanda kiwe bapa, napulizia maji ya sabuni mengi, halafu nateleza tu bila kukandamiza. Ukiona umechafuka, ukunje upate upande safi. Ukikuponyoka ukaanguka chini, tupa. Usiuoshe, usijipe moyo, tupa! Kipande cha kwanza nilichowahi kununua kilianguka, nikakisuuza nikaendelea, na punje moja ya mchanga ikanichorea mstari ambao nilikuja kuutafutia dawa wikiendi nzima.

Haya, sasa M205. Ni kimiminiko cheupe, kizito kidogo, harufu si kali. Kinachoitofautisha na polishi za zamani ni punje zake. Zile za zamani zilikuwa kubwa, zinasagika kadiri unavyofanya kazi, kwa hiyo ulilazimika kuzisukuma mpaka zisagike, vinginevyo zinaacha ukungu. Za M205 ni ndogo tangu mwanzo na zinabaki hivyo hivyo. Maana yake kwako wewe mtumiaji ni kwamba unaweza kusimama wakati wowote ukafuta. Hiyo ni raha kubwa kwa mtu anayejifunza.

Mashine yangu ni ile ambayo kichwa kinazunguka na huku kinacheza kando. Si ile inayozunguka moja kwa moja. Ile ya kuzunguka tupu ni ya mafundi, ukisimama nayo sehemu moja kwa sekunde chache unachoma rangi, na kwenye kona za bodi ni hatari zaidi kwa sababu klia pale ndipo ilipo nyembamba. Hata kwa mashine hii yangu nimebandika tepu ya karatasi kwenye kingo zote na kwenye plastiki nyeusi. Polishi au waksi ikikaukia kwenye plastiki ya aina hiyo inabaki nyeupe kwenye vinyweleo vyake, na kuitoa ni kazi ya mswaki.

Matone manne kwenye sponji. Eneo dogo, kama sentimita 40 kwa 40. Natandaza kwanza mashine ikiwa kwenye kasi ya chini, halafu naipandisha mpaka namba 4, na sasa taratibu, mwendo wa konokono, kwenda na kurudi, kisha juu na chini. Pita nne. Usiegemee, uzito wa mashine wenyewe unatosha. Na bati liwe la baridi, weka kiganja uone. Juani hapana.

Nafuta... Na sasa sishangilii bado, maana mafuta ya polishi yanaweza kuficha mikwaruzo yakakudanganya. Napulizia alkoholi ya isopropili niliyoizimua kwa maji, nafuta tena, ndipo naleta tochi. Angalia hapa. Upande huu bado utando, upande huu... tochi imebaki kuwa tochi. Nukta ya mwanga, pembeni weusi mtupu. Hapa ndipo huwa nanyamaza kidogo.

Sijamaliza yote lakini. Huu mstari hapa karibu na taa umebaki, na huu mwingine. Pitisha ukucha: ukinasa, mkwaruzo ni wa ndani, uache. Kuufuta ungelazimika kushusha klia yote inayouzunguka mpaka ufike chini yake. Naishi nao.

Sasa jaribio lenyewe. Boneti nimeigawa kwa tepu vipande vitatu. Kipande cha kushoto polishi tu. Cha kulia waksi tu, bila polishi. Cha kati vyote viwili.

Collinite 845 ni waksi ya maji, ila "ya maji" kwa masharti. Chumba kikiwa na baridi inaganda ndani ya chupa, unatikisa haisogei. Haijaharibika, iweke kwenye bakuli la maji ya uvuguvugu, itikise sana, itarudi. Jina lake kamili ni Insulator Wax, kwa sababu ilianza kazi kwenye vihami vya umeme, vile vikombe vya kauri vya juu ya nguzo, kuvizuia visishike uchafu na maji. Ndani yake kuna nta ya karnauba, inayokwanguliwa kwenye majani ya mnazi mmoja wa kaskazini mashariki mwa Brazili... samahani, si mnazi, ni mti wa jamii moja na mnazi, nitapigwa na wenye shamba. Ni nta ngumu, inayeyuka kwenye nyuzi 80 na kitu, na ikiwa tupu huwezi hata kuipaka, ndiyo maana kila waksi ya karnauba imechanganywa na viyeyushi na vitu vingine.

Kosa lake ni la mpakaji. Mara ya kwanza niliipaka kama siagi, nikaja kusugua mpaka mkono ukafa ganzi. Paka nyembamba, nyembamba mpaka uwe na shaka kama umepaka. Subiri ipige ukungu, pitisha kidole, ikitoka safi bila kuvutika, futa. Kitambaa cha maikrofaiba safi, ukigeuze mara kwa mara.

Nawasha tochi. Kulia, waksi bila polishi: rangi imenona kidogo, inateleza, lakini utando uko pale pale. Buibui amevaa nguo mpya tu. Kushoto, polishi bila waksi: mawingu unayaona. Kati, vyote viwili: nikisema ukweli, kwa macho, tofauti na kushoto ni ndogo. Labda weusi umeongezeka kina, labda ni mimi nataka uongezeke. Lakini mwagia maji uone. Kushoto yanatandaa na kukaa. Kati yanakunjamana kuwa shanga na kukimbia. Kazi ya 845 ni hiyo, kulinda ulichokipata, na inaifanya vizuri kuliko bei yake inavyokuahidi.

Kwa hiyo M205 inabaki kwangu, 845 inabaki kwangu. Ila kama gari lako ni jeupe au la fedha, mimi nisingeanza na polishi kabisa. Utando huo hauonekani kirahisi, osha, toa chuma, pitisha udongo, paka waksi, tunza klia yako. Ukiwa na rangi isiyong'aa ile ya kiwandani, usiguse kabisa, ukiipiga polishi utapata mabaka yanayong'aa na hakuna kurudi. Na kama walikuuzia gari pamoja na kotingi ya kauri, lile tabaka gumu la kinga linalopakwa juu ya klia, uliza kwanza, maana polishi itaikwangua yote uliyolipia.

Kuna ndugu aliuliza mara iliyopita anunue kipi kwanza kama hawezi vyote. Ndugu yangu, nunua glavu nzuri ya kuoshea na vitambaa vizuri vya kukaushia. Huo utando haukuja kwa kukosa waksi.

Kipande cha kushoto nakiacha bila waksi makusudi, nitawaonyesha kinavyoshika vumbi baada ya mwezi. Naomba mniwie radhi, nakimbia kuosha hii sponji, polishi ikikaukia ndani inakuwa jiwe.