Nepi za kitambaa au pampasi, kwa joto la Mombasa

Mchana, mtoto akiwa nyumbani, mimi nachagua kitambaa bila kusita. Kwa joto na unyevu wa hapa Mombasa, pampasi iliyolowa huifukiza ngozi, mapaja yakatoka vipele. Pamba hupitisha hewa, na dazeni mbili hivi zatosha kufua na kubadilisha.

Shida ni maji. Mfereji ukikauka, ukanunua mitungi ya lita 20 kwenye mkokoteni, kufua kwawa ghali. Maji ya kisima cha chumvi nayo hayatoi povu vizuri. Nepi hukauka ngumu kama ubao, ikamkwaruza mtoto. Suuza ya mwisho iwe ya maji matamu, tafadhali.

Pampasi? Usiku, kwenye foleni ya feri ya Likoni, na mvua za Mei nguo zisipokauka.