Makongoro ya nyuma ya Michenzani, na kopo la kolajeni nililolipia mara mbili

Kibanda hakina bango wala jina. Kipo uchochoroni nyuma ya majumba ya Michenzani, mjini Unguja: mabenchi mawili, meza yenye kitambaa cha mpira cha maua, na sufuria jeusi ambalo sijawahi kuliona limeinuliwa mafigani. Mwenyewe ni kijana wa makamo. Ananiita bi mkubwa, nami sijamkataza. Bakuli la makongoro, supu ya miguu ya ng'ombe, shilingi 4,000, chapati 500, ndimu na pilipili havina bei. Hufungua watu wakitoka msikitini alfajiri, na ikifika saa tatu ukaja na njaa yako utapewa mchuzi mtupu.

Nilipelekwa pale na goti. Goti la kulia limeanza kunilalamikia mwaka wa pili huu, na kila mtu mtaani ni daktari: huyu makongoro, yule mafuta ya nyonyo, na mtoto wa kaka yangu yeye alikuja na kopo. Kopo nitalifikia.

Kwanza mjue naonja kwa macho gani. Nimestaafu ufundi wa maabara, upande wa histolojia. Daktari anatoa kipande cha mgonjwa, sisi tunakitia fomalini, tunakizamisha ndani ya nta, tunakikata unene wa mikromita 4 au 5, tunakibandika kwenye kioo na kukipaka rangi. Miaka yote hiyo nimekata nyama za watu, na leo mtu akiniwekea bakuli la kongoro siwezi kulila bila ya kulisoma.

Na hili la Michenzani linasomeka vizuri. Kuna ngozi, laini, inaachia meno haraka. Kuna kano, zile kamba nyeupe zinazong'aa, ambazo kwa mpishi mvivu hukushinda ukazitema, na hapa zimekuwa kama jeli na bado zina umbo. Kuna gegedu mwisho wa mfupa, inakatika kwa mlio mdogo. Midomo inagandana. Ukiona midomo haigandani baada ya makongoro, umeuziwa maji ya chumvi.

Kinachogandisha midomo ndicho nilichokuwa nikikitazama kazini. Skuli tulifundishwa mwili ni seli, basi mtu akakua anadhani ndani mwake mmejaa seli tu zimebanana kama dagaa kwenye kapu. Iweke kano chini ya hadubini uone. Seli utazitafuta: moja hapa, nyengine kule, nyembamba, zimepangana safu baina ya nyuzi. Vilivyobaki vyote ni vitu ambavyo seli zenyewe zimevitengeneza zikavitoa nje. Vitabuni vinaitwa matriksi ya nje ya seli. Wanafunzi wa mazoezi nilikuwa nikiwaambia wafikirie nyumba ya shamba ya fito na udongo. Fito ni kolajeni. Udongo ni ule ute wa sukari na protini unaoshika maji na kujaza nafasi. Wakaazi ni seli, na wakaazi hawa ndio waliokata fito, ndio waliokandika, na ukuta ukilegea wanajua, maana wameushika. Mikono yao ni protini zinazoitwa integrini: zinapenya utando wa seli, nje zimekamata ukuta, ndani zimekamata nguzo za seli yenyewe. Ukuta ukivutwa, seli inahisi, inabadilisha kazi yake.

Na ukuta huo unasimama hata wakaazi wakitolewa. Mwaka 2008 Harald Ott na Doris Taylor, huko Minnesota, Marekani, walipitisha dawa za kusafishia, za jamii ya sabuni, ndani ya mishipa ya moyo wa panya mpaka seli zote zikatoka. Kikabaki kivuli cha moyo, cheupe, chenye vyumba vyake na njia za mishipa yake. Wakapandikiza seli mpya, na baada ya siku kadhaa kikaanza kudunda kidogo. Nilipoisoma habari ile nilikaa kimya kazini mchana mzima.

Turudi mezani. Kolajeni ni nyuzi tatu zilizosokotwa pamoja kama kamba ya usumba, kisha kamba hizo zikafungwa matita matita. Katika mwili wa mamalia ni kama robo ya protini zote, wengine wanasema inafika asilimia 30. Ukiichemsha inaanza kusokotoka ikifika nyuzi joto 60 na kitu, lakini ng'ombe mzee amefungwa vifundo vingi baina ya kamba moja na nyengine, kwa hiyo saa moja haimtoshi. Kijana wa Michenzani anateleka baada ya sala ya isha na kuliacha sufuria juu ya makaa mpaka alfajiri. Moto mdogo, mapovu ya kuhesabika. Hiyo ndiyo siri yake, wala haifichi.

Nina malalamiko mawili.

La kwanza ni la Ijumaa. Siku hiyo kongoro hazitoshi, basi anajazia bakuli kwa ule ukano mpana wa manjano wa shingoni. Nimekaa nao kinywani mpaka chai ikapoa. "Bado haujaiva vizuri, bi mkubwa," akaniambia, "kesho utakuwa laini." Nikamwambia mwanangu, huo upike mpaka Idi. Ule si kolajeni, ni elastini. Kazi yake mnyamani ni kuvutika na kurudi, kichwa kiinuke bila ya msuli kuchoka, na sisi tunayo kwenye mapafu na kwenye mshipa mkubwa unaotoka moyoni. Moto wa jikoni hauiyeyushi. Mwili huitengeneza zaidi utotoni na haurudii sana, tunazeeka na ile ile. Ni kitu cha kuheshimiwa, lakini si kwenye bakuli la 4,000.

La pili ni pweza. Siku za bamvua jioni huweka supu ya pweza, na pweza wake hapondi. Pweza hana mfupa, misuli yake imefumwa na kolajeni kila upande, na ndiyo maana kina mama wa pwani wanamponda juu ya jiwe kabla hajaona sufuria. Huyu anamtia mzima mzima na kutegemea moto. Mchuzi mzuri, nyama kandambili. Pweza kaleni kwengine.

Sasa kopo. Mtoto wa kaka alikuja nalo usiku, limeandikwa gramu 300, shilingi 90,000, kalinunua duka moja la vipodozi mjini. "Shangazi, hii inakwenda moja kwa moja gotini." Nikamuuliza, gotini ikifika inabisha hodi mlango gani? Akacheka, lakini 90,000 nilimrudishia mimi, kwa hiyo aliyecheka zaidi ni mwenye duka.

Kabla ya kulifungua nililigeuza huku na huku nitafute ni kolajeni ya mnyama gani. Hizi za kopo hutolewa kwenye ngozi na mifupa ya ng'ombe, kwenye ngozi za samaki, na za nguruwe pia. Kopo halikusema. Nikapiga simu dukani. "Ya baharini, nadhani, bi." Nadhani! Kitu cha kuingia tumboni mwa Muislamu kinauzwa kwa nadhani. Nikarudi nalo, nikaongeza 15,000, nikapewa lenye picha ya samaki na alama ya halali. Kama mna kopo nyumbani, ligeuzeni sasa hivi.

Nililitumia wiki sita, kijiko kila asubuhi. Halina ladha mbaya, lina harufu kidogo ya samaki aliyelala. Goti lilikuwa lile lile. Kucha nadhani zilikuwa imara zaidi, ila wiki hizo hizo pia sikufua kwa mkono, kwa hiyo sitoi ushahidi.

Usiku mmoja nikafanya nilichozoea, nikapima. Supu ya Michenzani niliyobeba kwenye kibakuli cha plastiki niliiweka kwenye friji. Pembeni yake nikaweka unga wa kopo nilioukoroga mzito, vijiko vitano ndani ya kikombe cha maji. Asubuhi supu imeganda, kijiko kimesimama. Unga umebaki maji, mawingu mawingu chini. Si ubovu wa kopo, niseme kweli. Supu ina nyuzi ndefu zilizosokotoka kwa moto. Zikipoa zinajaribu kujisokota tena, zinashikana na kunasa maji katikati. Za kopo zimekatwa vipande vifupi kwa vimeng'enya, ndiyo maana zinayeyuka hata kwenye maji baridi, na kipande kifupi hakina cha kushikia.

Ukishameza, vyote viwili njia moja. Tumbo na utumbo havijui ipi ya 4,000 na ipi ya 105,000; vinakata mpaka asidi za amino na vipande vidogo, damu inavichukua na kuvisambaza popote panapojengwa kitu. Upo utafiti unaoonyesha watu wenye maumivu ya magoti wakipata nafuu kidogo kwa unga huu, na sehemu ya utafiti huo imelipiwa na wanaouza unga. Na goti lenyewe ni gumu kulisaidia. Gegedu haina mishipa ya damu hata mmoja. Sehemu yake kubwa ni maji, yameshikwa na protini zenye matawi ya sukari. Nikishuka ngazi yanabanwa, nikinyanyua mguu yanarudi. Seli zake chache, zinakula kwa kupenyezewa, zinakarabati kwa mwendo wa kobe.

Kinachonikera hasa kwenye kopo ni maandishi ya mbele, yanayosema kadiri kolajeni inavyozidi ndivyo ujana unavyozidi. Mimi nimeona kolajeni ikizidi. Rangi niliyoipenda kazini ni ya Masson: misuli inatoka nyekundu, kolajeni bluu. Ini lisilo na ugonjwa ukilipaka hivyo, bluu yake ni uzi mwembamba kuzunguka mishipa, basi. Ini la mtu aliyekaa na virusi vya hepatitisi B miaka mingi linakuja na mikanda ya bluu imekatiza kila upande, na seli za ini zimebaki visiwa vilivyozungushiwa ukuta, damu haipiti inavyotakiwa. Vioo vya namna hiyo nilivipaka vingi, vyengine vya watu wenye umri wa watoto wangu. Kitu ni kile kile kinachogandisha midomo kibandani. Kikikaa mahali pasipo pake kinaua.

Ndimu ya bure msiiache. Seli zako haziwezi kuisokota kolajeni sawasawa bila ya vitamini C. Mabaharia wa zamani walikuwa wakitokwa damu kwenye fizi na vidonda vyao vya kale kufunguka upya, mpaka mwaka 1747 James Lind, tabibu wa jeshi la majini la Uingereza, alipowapa baadhi yao machungwa na malimau wakainuka. Ila ikamulie mezani, si kwenye sufuria, moto unaiharibu vitamini hiyo.

Basi makongoro ya Jumatatu mpaka Alhamisi nayapa nyota nne kwa tano, Ijumaa mbili. Nendeni kabla ya saa 12:30 asubuhi, beba kibakuli chako, na sema mapema unataka kifundo, usichanganyiwe shingo. Kopo limebaki nusu. Mtoto wa kaka kalichukua jana, anasema sasa atalitumia kwa uso.