Uturuki: uanze na chai au kahawa?

Mgeni akifika Istanbul, chai ndiyo humtangulia. Iko dukani, kwa kinyozi, hata kwenye feri za Bosphorus, mlango-bahari unaopita katikati ya jiji. Hupikwa kwa birika mbili zilizopandanishwa: ya juu ina chai nzito, ya chini maji yanayochemka, na kila mtu huchanganyiwa apendavyo. Sema "açık" upewe nyepesi, "demli" upewe kali. Majani hutoka zaidi Rize, pwani ya Bahari Nyeusi. Maziwa usiulize. Gilasi yenyewe ni ndogo, imebana kiunoni, haina mkono, na inaunguza. Ishike ukingoni juu.

Kahawa haitaki haraka. Kahawa iliyosagwa laini kama poda huchemshwa polepole kwenye cezve, kijibirika chenye mpini mrefu, mpaka povu lipande. Sukari hutiwa wakati wa kupika, si mezani, kwa hiyo amua mapema: sade haina sukari, orta ni ya wastani, şekerli ni tamu. Huletwa na maji, mara nyingi na kipande cha lokum, kitamutamu laini cha Kituruki. Acha machicha yatulie, na usikimalize kikombe. Aliyezoea kahawa chungu ya barazani Mombasa au Unguja hatashtuka.

UNESCO iliutambua utamaduni wa kahawa hiyo kuwa urithi wa binadamu mwaka 2013. Zamu ya chai ikaja 2022.

Kwa bei, chai ni nafuu. Lakini ukiwa na pesa ya kinywaji kimoja tu, nunua kahawa: chai huenda ukakaribishwa bure na muuza mazulia.