Nimejiundia nakala ya Lotus Seven hapa Dodoma: seti, mafundi na matuta

Niseme mapema ninachokizungumzia. Ni seti ya vipande vya kujiundia gari la spoti, nakala ya Lotus Seven, gari dogo la wazi la Kiingereza, niliyoagiza kwenye karakana ndogo ya Uingereza. Jina lao sitalitaja kwa sababu kuna malalamiko yanakuja huko chini na sitaki ugomvi. Nimeliundia Kizota, bandani nyuma ya nyumba, na sasa linatembea. Naandika kwa ajili ya yule anayelala na picha za gari la Cobra kwenye simu, asubuhi anapiga hesabu, mchana anaghairi.

Cobra ndiyo nakala ambayo karibu kila mtu huanza nayo, na haki yake. Mwaka 1962 Mmarekani Carroll Shelby alichukua gari dogo la Kiingereza, AC Ace, akalitia injini ya Ford V8, yaani ya silinda nane, na tangu hapo dunia haijaacha kuliiga. Seti zake zipo Marekani, zipo Afrika Kusini, na nyingine ni nzuri kweli. Nami nilianzia hapo. Tatizo ni V8. Kwa hapa kwetu inayopatikana kwa urahisi kidogo ni 1UZ ya Toyota, lita 4, ile ya Lexus LS400 na Celsior, na wenzetu wa nchi nyingine wanaifunga sana kwenye nakala za Cobra. Lakini bodi yote ni faiba yenye mikunjo na mabonde. Siku bodaboda akikugonga ubavuni pale Sabasaba, nani ataurudisha mviringo ule? Mafundi faiba wapo, wengi wao kazi yao ni bampa na matangi ya maji. Halafu nyingi za Marekani usukani uko kushoto. Nikaiacha.

Nikaangalia Porsche 356 Speedster za kuiga, zinazokaa juu ya chesisi ya Volkswagen Beetle. Hii ilinivutia kwa historia yake, maana hata 356 yenyewe ilizaliwa na vitu vingi vya Beetle, kwa hiyo nakala haimdanganyi mtu sana. Injini inapozwa kwa hewa, hakuna radieta ya kuvuja. Ila Beetle nzima ya kuchinja siku hizi ni ya kutafuta kwa tochi, na anayeimiliki anajua thamani yake. Zile nakala za Ferrari na Lamborghini zinazovishwa juu ya Toyota MR2 au Pontiac Fiero sikuzipa muda. Picha zake zinauza. Ukikaa ndani unaona dashibodi ya gari jingine.

Kilichonileta kwenye Seven ni swali moja nililojiuliza baada ya kuchoka na picha: kipande hiki kikivunjika, kuna mtu Dodoma anaweza kukitengeneza upya? Seven ni fremu ya mabomba ya chuma ya mraba, imevishwa mabati ya alumini yaliyonyooka. Faiba iko puani na kwenye madigadi tu. Anayekunja gata la nyumba anaweza kukunja ubavu wa gari hili. Na halikuja kuwa la kuunganishia nyumbani kwa bahati. Lotus Seven ya asili, ya Colin Chapman, mwasisi wa Lotus, ilitoka mwaka 1957 na iliuzwa kwa vipande kwa sababu Uingereza ya wakati ule gari zima lilikuwa na kodi ya ununuzi, vipande havikuwa nayo. Mwaka 1973 VAT ilipoingia mwanya ule ukazibwa, na mwaka huohuo kampuni ya Caterham wakachukua haki za kulitengeneza. Wanalitengeneza hadi leo, na pembeni yao kuna karakana kibao zinazounda ya kufanana nalo. Yangu ni ya mojawapo ya hizo za pembeni.

Jambo la pili ni gari la kutoa viungo. Seti nyingi za Seven za siku hizi zinataka Mazda MX-5, ambayo Japani iliuzwa kwa jina la Roadster. Gari moja linakupa injini, gia boksi, propela shafti, difu, habu, breki na wayaringi, vyote vimeshazoeana. Fundi wangu alikuwa hataki kabisa kusikia. Yeye alitaka Toyota Altezza. "Bosi, Altezza zimejaa, zilizogongwa tunazijua zilipo, injini ya 3S hiyo hapo, gia sita." Hoja ilikuwa na uzito, tulibishana wiki nzima. Ila fremu ya Seven katikati ni finyu, imepimwa kwa gia boksi ya Mazda, na ukianza kukata mabomba yanayobeba miguu yako na injini kwa pamoja, unakuwa umenunua uhandisi wa watu halafu umeutupa. Nikaagiza nusu gari la Roadster, yaani lililokatwa kwa ajili ya vipuri, kutoka Japani, lenye injini ya 1.8 ya BP. Faida ambayo hata fundi aliikubali baadaye: familia hiyo ya injini ilifungwa pia kwenye Mazda Familia na 323, kwa hiyo plagi, tamingi belti, sili na vitu vidogo vya injini Kariakoo havikunitesa. Vya miguu ya gari (shokapu na mikono inayoshika tairi) na breki ndiyo naagiza.

Kuhusu gharama sitaweka namba za mfukoni mwangu, ila elewa hesabu inavyokwenda. Forodha hawaangalii bei ya kiwandani peke yake. Wanaanzia CIF, yaani bei ya mzigo, bima na nauli ya meli, ushuru unakaa juu yake, halafu VAT ya asilimia 18 inakaa juu ya huo mlima wote. Kwa hiyo kreti kubwa lenye hewa ndani linakuumiza mara mbili. Waambie wauzaji wapakie vitu vidogo ndani ya fremu, na mataa, viti na rimu tafuta mwenyewe hapa. Upande wa makaratasi, nenda TRA na kwa mkaguzi wa magari wa trafiki kabla hujafungua spana, ukiwa na picha na risiti za kila kitu, uulize namba gani ya chesisi na injini ndiyo itaandikwa kwenye kadi. Ukiuliza gari likiwa tayari limepakwa rangi, jibu lolote ni ghali.

Sasa seti yenyewe. Fremu nawapa alama zote. Kitu cha kwanza tulichofanya ilikuwa kuvuta kamba kona kwa kona, mshazari huu na ule, na tofauti ilikuwa haionekani kwenye futi. Uchomeleaji safi, mabano ya injini yalikaa bila kulazimishwa. Kero zilianzia kwenye makaratasi: kitabu cha maelekezo kilikuwa cha fremu ya toleo la nyuma, kebo ya hendibreki ndefu kuliko inavyotakiwa, bushi za mikono ya mbele pungufu, na pua ya faiba ilikuwa na ufa mwembamba kama unywele chini ya rangi. Bushi walizileta bure, nauli juu yangu. Kuhusu pua walinijibu kwa lugha nzuri sana na hawakufanya chochote. Barua pepe zao zilikuwa za haraka kabla sijalipa.

Bolti nazo ziangalie moja moja. Zilizokuja na seti zilikuwa na 8.8 imegongwa kichwani, na hizo ndizo za kushikia miguu na usukani. Pungufu zake usijazie na bolti zisizo na namba eti kwa sababu zinaingia. Zinaingia, ndiyo. Kukatika ndiyo habari nyingine.

Kazi niliyoipenda kuliko zote ni mabati. Nilimleta mzee mmoja wa Majengo ambaye maisha yake yote ni masufuria, madumu na gata. Aliitazama fremu akiizunguka na mikono mgongoni, akauliza alumini ina unene gani, nikampa kipande. Akakigonga ukucha, akasema, "Hii inataka nyundo ya mti." Akaweka bati kati ya vyuma viwili vya engo, akabana kwa klampu, akaanza kugonga kidogokidogo kuanzia mwisho mmoja hadi mwingine, kisha anarudi mwanzo, kila mzunguko bati linainama nyuzi chache tu. Halikupasuka, halikupinda pembeni. Kabla ya riveti tulipaka silanti, ile gundi ya kuziba, kwenye kila bomba, kwa sababu alumini ikigusana na chuma halafu unyevu ukaingia katikati vinalana. Kwa ukame wa Dodoma unaweza kuona ni kazi bure, lakini gari litashuka Dar siku moja, na hewa ya chumvi haina simile.

Umeme ndiko watu wengi wanakokwamia. Wayaringi ya Roadster tuliitandaza yote sakafuni, kila soketi ikapewa lebo ya masikintepu, halafu tukaanza kutoa: mota za taa za kunyanyuka, vioo vya milango, redio, feni ya hita. Lililobaki lilikuwa kama theluthi. Kontroo boksi, yaani kompyuta ya injini, hatukuigusa. Taa za nyuma ziligoma kuwaka na fundi umeme, kijana wa Nkuhungu, akacheka: taa zimekaa kwenye digadi la faiba, faiba haipitishi athi (njia ya umeme kurudi kwenye betri) kama bodi ya chuma. Kila taa ikavutiwa waya wake wa athi hadi kwenye fremu. Ukiunda gari la faiba la aina yoyote, kumbuka hilo.

Kuna jaribu moja nataka kulitaja kwa sababu linapendeza mno kwenye picha: kabureta za pembeni zenye midomo wazi inayochungulia nje ya boneti. Hapa usithubutu. Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, hewa nyepesi, injini isiyo na tabo (turbo) inapoteza kama sehemu moja ya kumi ya nguvu zake kabla hujaondoka nyumbani. Kabureta itabidi uipangie jeti upya kwa huku, na ukishuka Morogoro hesabu inabadilika. Injini ya nozeli na sensa inajipanga yenyewe. Halafu kuna vumbi. Mwezi wa tisa upepo ukianza kuvuma, mdomo wazi wa injini unakunywa mchanga. Mimi nimeweka boksi la hewa lenye filta kavu, haina urembo wowote, na ninaifungua kuisafisha mara kwa mara.

Sasa kuendesha. Injini ile Japani iliandikwa farasi 130, ikibeba gari la karibu tani moja. Hapa inabeba kitu kisichofika kilo 700. Toa ile sehemu ya kumi ya mwinuko, bado ukikanyaga mafuta kwenye gia ya pili unatafuta pa kushika. Halina haidrovaki ya kusaidia breki, halina ABS, halina pawa stelingi. Breki ni ngumu, inataka mguu wa kweli, lakini unajua hasa tairi inafanya nini. Njia yangu ni ya Arusha, asubuhi mapema, Miyuji, Veyula hadi Makutupora kwenye zabibu. Barabara nzuri, malori machache kuliko ya Morogoro. Kwa barabara ya Morogoro silipendekezi gari hili kabisa: unakaa chini kiasi kwamba kitovu cha tairi la semitrela kiko usawa wa uso wako, na dereva wake hajui kama upo.

Matuta ni adhabu. Sampu, lile karai la oili chini ya injini, ndiyo inayotangulia kugusa. Tumenyanyua springi hadi mwisho wa nyuzi zake, tumefunga sahani ya chuma chini ya injini, na bado kuna matuta napita kwa mshazari, taratibu, huku bajaji nyuma ananipigia honi. Ukiagiza seti, uliza kimo cha chini kabisa kutoka ardhini gari likiwa na watu wawili. Jibu la gari tupu halikusaidii. Vumbi la lori lililo mbele unalila lote, nimenunua miwani ya bodaboda. Mvua za Desemba hadi Aprili, toboa sakafu matundu ya kutolea maji, ama ukae nyumbani. Pale Veyula bibi mmoja aliniuliza, "Mjukuu wangu, milango wamekuibia?"

Fremu na wazo lenyewe la seti hii naligombea popote. Wauzaji wale kwa huduma baada ya malipo siwarudii, na kama ningeanza leo ningenunua fremu, mikono ya mbele na shokapu tu, mengine yote pamoja na pua ningeyafanyia hapa. Asiye na gari jingine la kwenda nalo kazini asiguse. Mwenye familia ya watoto watatu pia, viti ni viwili na wa pili anakaa na mkoba mapajani. Kwangu limebaki suala la kioo cha mbele. Kilichokuja kimekwaruzika na vumbi, na fundi vioo ameniahidi cha leminetidi kabla mvua hazijaanza. Winchi ya kunyanyulia injini na stendi zake siuzi, ila anayeanza fremu yake hapa mjini ruksa kuazima.