AR-15 ya kwanza: soma mtutu, kisha soma karatasi zako

Haya ndugu zangu, karibuni. Leo niko Texas, uwanja wa shabaha, na mezani ipo bunduki mnayoniulizia kila siku, AR-15. Magazini, yaani kibebeo cha risasi, nimeshachomoa; chemba, pale risasi inapokaa kabla ya kufyatuliwa, iko wazi. Nasogeza kamera uone mwenyewe: tupu.

Wengi mnadhani hii ndiyo ile ya jeshi. Sura ni moja, kazi mbalimbali. M16 ya jeshi inaweza kumimina risasi mfululizo. Hii ukivuta kifyatulio inatoka risasi moja, basi, mpaka uachie uvute tena. Na AR ni ArmaLite, kampuni ambako Eugene Stoner aliibuni miaka ya 1950. Colt wakaja kununua haki zake mwaka 1959.

Chapa ya hii yangu siitaji, maana sijaja kumuuzia mtu. Nataka usome hapa, ubavuni mwa mtutu. Unaona? 5.56 NATO, hiyo ni aina ya risasi, halafu 1:8. Chemba ya 5.56 inapokea risasi za 5.56 na za .223 pia. Lakini ukikuta imeandikwa .223 peke yake, usitie 5.56. Kwa macho zinafanana kama mapacha, ila presha ya 5.56 inaweza kuzidi uwezo wa chemba hiyo, na uso wako uko sentimita chache tu kutoka hapo. Ile 1:8 maana yake mifereji ya ndani inaizungusha risasi duru moja kila inchi 8. Kwa anayeanza, inatosha kabisa.

Uzito ni kama kilo 3 bila risasi, hata dada mwembamba anaimudu. Teke lake dogo.

Sasa usafi. Katika AR nyingi gesi ya baruti inarudi mpaka ndani kwenye boti (bolt), kile chuma kinachofunga chemba, na masizi yanarudi nayo. Nikishapiga risasi mia nikaifungua, vidole vyangu vinakuwa kama nimeshika sufuria ya kuni. Wiki ya kwanza ilinikwamia hapahapa, ganda la risasi limesimama wima kwenye dirisha la kutolea maganda, kwa sababu nilikuja nayo kavu, sijaitia mafuta. Siku hizi kichupa cha mafuta hakitoki kwenye begi.

Sasa nisikilizeni vizuri, hasa mliokuja Marekani kutoka nyumbani Afrika Mashariki. Dukani utajaza fomu 4473, fomu ya serikali ya shirikisho ya kununulia bunduki, kisha muuzaji anakuhakiki kwenye mfumo wa FBI. Mwenye green card anaweza kununua. Uko kwa viza ya masomo? Kwa kawaida huruhusiwi hata kuimiliki, isipokuwa kwa vighairi vichache kama leseni ya uwindaji, kwa hiyo muone mwanasheria kwanza. Fomu inauliza pia kama mnunuzi halisi ni wewe. Binamu akikupa hela umnunulie kwa jina lako, hilo ni kosa la jinai la shirikisho, hata kama ni binamu wa damu. Najua kwetu kumkatalia ndugu ni kazi. Kataa. Na usithubutu kutia bunduki au vipuri vyake kwenye sanduku la kwenda Dar au Mombasa bila vibali.

Sheria za majimbo nazo hazifanani. California wanabana sana, Illinois walipiga marufuku kuuza nyingi za aina hii mwaka 2023. Ukihama, uliza kabla hujapakia gari.

Bajeti yako ikiwa ndogo, achana na darubini ya bei mbaya, nunua kasha la chuma la kufungia. Mimi nina watoto wawili. Bunduki inalala kwenye kasha lake, risasi chumba kingine, na ufunguo haujawahi kulala mezani. Mwenzangu mmoja aliniambia wanawe hawajui anapoificha. Watoto wanajua hadi mahali sukari inapofichwa, ndugu yangu.

Haya, navaa vizibo vya masikio na miwani, maana mlio wake unapita desibeli 140. Shabaha iko mita 50. Tunaanza na risasi kumi.