Laptop ya kwanza ya chuo: kabla ya RAM, kagua bawaba

Vyuo vikikaribia kufunguliwa, kati ya Oktoba na Novemba, simu yangu haipumziki. "Dada, nina laki saba, kijana amepangiwa Chuo cha Uhasibu Arusha, pale Njiro, nimchukulie laptop gani?" Mwaka huu maswali yamekuja na malalamiko, na karibu yote yanafanana: mashine ilinunuliwa mpya, ndani ya boksi, na mwaka wa kwanza haujaisha kioo kimeachana na mwili. Mama mmoja wa Usa River amenitumia picha. Kona ya kushoto imefumuka, waya mwembamba unachungulia, na binti yake amebana kwa selotepu ili amalizie kazi ya kikundi.

Kwa hiyo RAM (kumbukumbu ya kazi ya mashine) na SSD (ghala la mafaili) sitazizungumzia sana. RAM GB 8 na SSD ya GB 256, usishuke hapo, yatosha. Nataka tuongee bawaba, zile zinazounganisha kioo na mwili, kwa sababu hakuna muuzaji atakayekutajia na hakuna mzazi anayeuliza.

Kwenye laptop nyingi za bei nafuu, bawaba yenyewe ni chuma na wala haivunjiki. Kinachoachia ni plastiki. Skrubu za bawaba hukaza kwenye vinati vidogo vya shaba vilivyozamishwa ndani ya plastiki, basi. Ni mlango wa chuma uliopachikwa kwenye ukuta wa udongo. Mwanafunzi anafungua darasani, anafunga, anafungua maktaba, anafungua hosteli, mara nyingi kwa kushika kona moja ya kioo. Bawaba inazidi kukaza, plastiki inachoka, siku moja unasikia "ta!" na kinati kimeng'oka. Hapo shida ndiyo kwanza inaanza, maana waya wa kioo na wa kamera unapita pembeni ya bawaba, na mara nyingi nyaya za antena ya Wi-Fi pia. Ndiyo maana unamsikia mtoto anasema kioo kinacheza mistari na intaneti inakatika, ukadhani ni mambo mawili tofauti. Fundi atamimina supa glu, atakurudishia, na itashika kwa muda tu.

Dukani fanya hivi. Weka laptop mezani, inua kioo polepole kwa kushika katikati, jicho lako likiwa kwenye kona mbili za nyuma. Plastiki ya juu ya kibodi ikiinuka hata kidogo, au fremu ya kioo ikiachia mwanya, rudisha. Ikilia kwa kukwaruza, rudisha. Kisha iwashe, fungua na kufunga nusu mara kadhaa huku unaangalia picha. Ikipepesa, waya umeshaanza kuliwa. Na kama mfuniko umebandikwa stika mpya inayong'aa, omba ibanduliwe kwenye kona za nyuma. Stika hizo huficha nyufa, nimeziona kwa macho yangu.

Sasa chaguo zangu. Namba moja ni Lenovo ThinkPad T480 iliyotumika, na sifichi kwamba ThinkPad naipenda. Bawaba zake ni imara na kioo kinalala hadi nyuzi 180 bila kulalamika. Kibodi ina njia ya kutolea maji yakimwagika. Ina betri mbili, moja ndani na nyingine ya nje unayoichomoa na kuweka nyingine bila kuzima, jambo ambalo umeme ukikatika usiku wa kuamkia mtihani utalishukuru. RAM ina nafasi mbili, kwa hiyo unaanza na GB 8 na boom, ile pesa ya mkopo wa chuo, likiingia unaongeza. Ikiwa na prosesa (ubongo wa mashine) ya kizazi cha 8 inakubaliwa na Windows 11, na hilo si dogo, kwa kuwa Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Kagua mambo mawili: inachaji kwa USB-C na matundu yamechomelewa kwenye bodi, kwa hiyo jaribu chaja kwenye yote mawili na uitikise waya kidogo. Pia chukua yenye kioo cha 1920 kwa 1080. Zipo za 1366 kwa 768, na kwa mtu wa Excel hizo ni mateso.

Namba mbili, Dell Latitude 7490. Mwili mgumu, RAM nafasi mbili, ila betri iko ndani tu. Namba tatu, HP EliteBook 840 G5, nzuri na ya aluminiamu, lakini wauzaji wanajua inapendwa kwa sura na wanakulipisha sura hiyo. Hakikisha zote mbili ni kizazi cha 8, maana zipo zilizotoka na cha 7. ThinkPad X280 ni nyepesi kwa anayepanda kifodi, yaani daladala ndogo, kila siku kutoka Tengeru, ila RAM yake imechomelewa: uliyonunua nayo ndiyo utakayomaliza nayo chuo.

Chromebook (laptop za mfumo wa Google) na vile vilaptop vyenye hifadhi ya GB 64? Kwa kuandika tu vinafaa. Kwa programu nzito kama SPSS ya takwimu au AutoCAD ya michoro, hapana.

Linaloniuma zaidi ni namna tunavyouziwa. Mzazi anashuka kutoka Rombo au Karatu na pesa taslimu, anaonyeshwa stika ya "Core i7" na kuambiwa hii ndiyo kubwa. Kumbe ni i7 ya kizazi cha 4, na anailipia kuliko i5 ya kizazi cha 8 iliyo rafu ya chini yake. Soma namba kamili: i5-8350U, tarakimu ya kwanza baada ya kistari ni 8, ndicho kizazi. Ikianza na 4, hata kama ni i7, iache hapo hapo. Halafu kuna bei mbili, ya risiti na ya bila risiti, wakati risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, ni haki yako na wajibu wa muuzaji. Na "warranti ya wiki moja" inayotolewa kwa mdomo, ambayo ukirudi siku ya tano unaambiwa mtoto ameiangusha.

Usikubali kwa mdomo. Risiti iandikwe modeli, namba ya mashine iliyo chini yake, na muda wa warranti ukitaja kioo na bawaba kwa majina. Muuzaji anayeiamini bidhaa yake ataandika. Akianza kukuzungusha, funga mkoba wako, uingie duka linalofuata.