Plasta ya wazi kwenye mshono wa mtoto aliyetolewa kidole tumbo: uzoefu wangu

Nazungumzia ile plasta nyembamba ya wazi, yenye kipande cha gozi kisichoganda kwenye kidonda katikati na gundi pembeni kote. Maji hayaingii, ila mvuke wa jasho unatoka. Nimeitumia sana kwenye mishono ya tumbo ya watoto na naipenda, lakini si kwa ile sababu inayopigiwa debe kwenye pakiti.

Pakiti inadai inazuia maambukizi. Kwa kidonda kilichoshonwa kikafunga vizuri, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2016 haushauri kuacha bandeji ya kawaida na kutumia hizi za kisasa kwa lengo hilo. Kazi kubwa hufanyika kabla ya kisu: antibayotiki ya kwenye mshipa, kwa kawaida ndani ya dakika 60 kabla ya ngozi kukatwa. Kama kidole tumbo hakikupasuka, mara nyingi hiyo inatosha, na mtoto kurudi nyumbani bila dawa hizo si uzembe wa daktari. Kikiwa kimepasuka, dawa huendelea kwa siku kadhaa. Zimalizwe kama zilivyoandikwa, hata mtoto akishaanza kurukaruka.

Ninachoilipia mimi ni utulivu wa kidonda. Gozi iliyobandikwa kwa vipande vya plasta husogea mtoto akigeuka, inabidi ifunguliwe, na kila kuifungua ni vidole karibu na mshono. Hii inakaa saa 48 za mwanzo bila kuguswa, na ngozi inayozunguka gozi unaiona muda wote. Baada ya hapo mtoto aoge kwa maji ya kumwagia, haraka. Kuloweka kwenye beseni au kuogelea kusubiri kidonda kifunge kabisa, kwa kawaida wiki mbili hivi.

Kubandika ndiko kunakowashinda wengi. Chagua saizi ambayo gozi inauzidi mshono sentimita 1 kila upande, na gundi ina angalau sentimita 2 za kushika. Nawa mikono, hakikisha ngozi ni kavu kabisa na haina mafuta, mlaze mtoto chali, bandika katikati kwanza kisha ukandamize kuelekea pembeni. Usiivute! Ikivutwa inajikunja kurudi, inaburuta ngozi na kuacha malengelenge kwenye kingo, kisha lawama zinaangukia maambukizi. Tofauti inaonekana kwa macho: malengelenge ya kingoni ni mvuto, wekundu unaowasha wenye umbo lilelile la plasta ni mzio wa gundi, wekundu unaoanzia kwenye mshono na kutanuka, pamoja na joto, ugumu au usaha, huo ndio wa kukimbizana nao hospitali. Na tafadhali, unga wa kapsuli za antibayotiki usiwekwe chini ya plasta. Hausaidii, na unashika unyevu.

Kuibandua, inua kona moja, shika ngozi kwa mkono mwingine, kisha ivute plasta polepole sambamba na ngozi. Ukiivuta kwenda juu, mtoto analia na tabaka la ngozi linabaki kwenye gundi.

Udhaifu wake mkubwa ni kitovu. Upasuaji wa kamera huacha tundu moja hapo, na plasta inapita juu ya shimo kama daraja. Jasho linakusanyika chini yake na ngozi inakuwa nyeupe yenye mikunjo. Hapo natumia gozi kavu iliyokunjwa ndogo na plasta ya kawaida. Kwa mshono wa chini kulia, adui ni lastiki ya kaptula: inakunja ukingo, maji yanapenya. Ukingo ukishaachia, badilisha plasta nzima. Usibandike nyingine juu yake.

Kuna jambo ambalo plasta yoyote haiwezi kukuonyesha, nalo ni jipu la ndani ya tumbo. Huwapata zaidi waliopasukiwa na kidole tumbo, mara nyingi baada ya wiki moja hivi, na mshono unaweza kuwa safi kabisa. Dalili zake ni homa ya nyuzi 38 au zaidi, maumivu yanarudi, kuharisha, mtoto anakataa chakula. Pima joto kabla ya kumpa parasetamo, maana ikishafanya kazi homa inajificha, na daktari atahitaji namba hiyo.